Chumvi ya Uvinza na vikwazo vya Burundi

Mwaka 1996 nilikuwa darasa la tano Kigoma, na jambo la kwanza nililolijua kuhusu vikwazo vya kiuchumi ni kwamba baba mdogo alianza kulala mchana.

Usiku alikuwa ziwani. Alikuwa na boti la mbao lenye mashine, ambalo miaka yote lilibeba abiria na dagaa kati ya Kigoma, Kagunga na Nyanza-Lac upande wa Burundi. Kuanzia Agosti mwaka ule mzigo ukabadilika: magunia ya chumvi ya Uvinza, madumu ya petroli, sabuni za miche. Mpaka ulikuwa umefungwa kwa uamuzi wa marais wa kanda nzima. Nyumbani kwetu tukapata redio kubwa ya kaseti, kisha mabati mapya. Nayasema haya mwanzoni kabisa kwa sababu nimeandika mara nyingi kuunga mkono vikwazo dhidi ya tawala za mabavu, na sikuwahi kumwambia msomaji kwamba ada yangu ya sekondari ilitokana na magendo yaliyozaliwa na vikwazo.

Kwa ambaye hakuwepo, mambo yalikwenda hivi. Tarehe 25 Julai 1996 jeshi la Burundi lilimwondoa Rais Sylvestre Ntibantunganya, ambaye siku mbili kabla alikuwa amekimbilia nyumbani kwa balozi wa Marekani mjini Bujumbura, likamrudisha madarakani Meja Pierre Buyoya. Buyoya aliwahi kuitwaa nchi kwa mapinduzi mwaka 1987. Mwaka 1993 akaruhusu uchaguzi, akashindwa na Melchior Ndadaye, akakabidhi. Ndadaye hakumaliza hata miezi minne ikulu. Wanajeshi walimuua tarehe 21 Oktoba 1993, na vita vilivyofuata vinakadiriwa kuua watu wapatao 300,000 hadi vilipokwisha.

Siku 6 baada ya mapinduzi ya Buyoya, viongozi wa kanda walikutana Arusha. Msuluhishi wa mgogoro ule alikuwa Mwalimu Julius Nyerere. Wakaamua kuibana Burundi kiuchumi mpaka inyooke. Hapo ndipo kisa hiki kinaponishika kuliko cha Iraq au Cuba, ambavyo wengi huvitaja kila mjadala huu ukiibuka. Waliofunga mlango hawakuwa mabwana wa mbali. Walikuwa majirani, na wote walikuwa na sababu ya kutaka Burundi itulie, maana ikiungua moshi unawafikia wao kwanza.

Na kwa kutazama ramani ungedhani hakuna nchi rahisi zaidi kubanwa. Burundi haina bahari. Kahawa yake, iliyokuwa ikiiletea sehemu kubwa kabisa ya fedha za kigeni, ilivuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, ikapanda treni ya Reli ya Kati hadi bandari ya Dar es Salaam. Shehena nyingi zilizohitajika Bujumbura zilirudi kwa njia hiyo hiyo. Majirani walipokubaliana, treni, malori na ndege vyote vilisimama kwa pamoja.

Mwalimu hakuiokota silaha ile njiani. Juni 1959, akiwa London, alikuwa miongoni mwa waliohutubia mkutano ulioanzisha kampeni ya kususia bidhaa za Afrika Kusini. Desemba 1965, baada ya Ian Smith kujitangazia uhuru wa Rhodesia kwa niaba ya walowezi, Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukapotea. Zambia ya Kaunda iliumia zaidi. Mafuta yake yalikuwa yakipitia Rhodesia, na ilipobidi kutafuta njia nyingine, malori yaliyatoa Dar es Salaam kwa barabara mbovu ya kutisha mpaka bomba la TAZAMA lilipokamilika mwaka 1968. Watu wa kizazi kile walijua kwamba anayemsusia mwenzake naye hupungukiwa, wakakubali kupungukiwa. Nawaheshimu kwa hilo hadi leo, na heshima ile ndiyo iliyonifanya nichelewe kuuliza maswali ninayouliza sasa.

Kati ya Afrika Kusini na Burundi kulikuwa na tofauti ambayo sikuiona upesi. Luthuli na wenzake wa ANC, yaani watu ambao ususiaji ungewaumiza, wao wenyewe ndio walioiomba dunia isusie. Burundi, chama cha Frodebu kilichopinduliwa kiliviunga mkono vikwazo, ni kweli, na kilikuwa na haki ya kufanya hivyo kwa kuwa ndicho kilichoshinda uchaguzi. Lakini watu wa vilimani, waliokuwa wakikimbia jeshi leo na waasi kesho, hakuna aliyewauliza.

Shangazi yangu alikuwa mmoja wao. Aliolewa Nyanza-Lac kabla sijazaliwa, na kwa watu wa Kigoma hilo halikuwa jambo la ajabu, maana Kiha na Kirundi vinasikilizana na ndoa zilivuka mpaka ule kabla haujachorwa. Miaka ile alikuwa na watoto 4. Miaka mingi baadaye nilimkalisha kitako nikamuuliza, kwa swali la mtu aliyesoma vitabu, kama vikwazo viliwafanya wamchukie Buyoya au waichukie Tanzania.

"Mwanangu," akasema, "Buyoya hatukumwona. Tulimwona mwenye chumvi."

Nikanyamaza. Akaendelea: "Chumvi ilikuwa inapimwa kwa kijiko. Unakwenda na kikombe, unapewa vijiko viwili. Na mwenye chumvi alikuwa mdogo wangu."

Sijui namna ya kuueleza uchumi wa vikwazo vizuri kuliko alivyoueleza shangazi. Tukifikiria vikwazo tunapiga picha ya ukuta, huku mtu yu ndani na bidhaa ziko nje. Ukweli ni kwamba bidhaa huvuka, ila kwa bei mpya. Ile nyongeza ya bei ni kama kodi ambayo hakuna bunge lililoipitisha. Hutozwa mnywaji wa chai na mwoshaji wa nguo, na hugawanywa njiani. Baba mdogo alichukua yake. Watu wenye sare pande zote mbili za ziwa walichukua yao. Na zaidi ya hao, Bujumbura, walikuwepo waliokuwa na uwezo wa kuingiza petroli kwa matangi badala ya madumu, kwa sababu walijuana na waliolinda barabara. Kwao, miaka ile ilikuwa ya mavuno. Serikali iliyobanwa ikawa ndiyo mgawaji wa kilichopatikana kwa shida, na mgawaji wa vitu adimu huwa na marafiki wengi kuliko aliokuwa nao vitu hivyo vikiwa tele.

Nilipofika hapo kwa miaka kadhaa niliamini nimemaliza: vikwazo ni vibaya, basi. Ilinichukua muda kugundua kwamba bado sijasema kweli yote, kwa sababu vikwazo vile vilifanya kazi. Vilifanya kazi mwanzoni, kwa wiki kadhaa, kisha vikaharibika mikononi mwa waliovishika. Wiki zile ndizo zenye somo, na ndizo tunazozipita haraka.

Kanda ilidai mambo matatu. Bunge lirudishwe. Vyama vya siasa viruhusiwe tena. Na serikali ikae mezani na wapinzani wote, wenye silaha na wasio na silaha, bila masharti. Orodha fupi, inayoeleweka hata na mtu wa sokoni. Katikati ya Septemba, takriban wiki 7 tangu mapinduzi, Buyoya akatangaza kwamba Bunge limerudi na vyama vimeruhusiwa. Mwanajeshi aliyetwaa nchi kwa bunduki aliyarudisha mawili kati ya matatu kabla msimu haujaisha. Hilo lisingetokea kwa barua za kulaani.

Kanda ikajibu nini? Vikwazo vikabaki pale pale.

Nimejaribu kwa uaminifu kujiweka mahali pa Mwalimu. Alikuwa na sababu nzito. Bunge lililorudi lilikuwa na viti vitupu vingi, kwa kuwa wabunge wengi walikuwa wameuawa au wako uhamishoni. Vyama viliruhusiwa kwa karatasi huku mikutano ikibanwa. Mbaya zaidi, tangu mwishoni mwa 1996 jeshi lilianza kuwaswaga wakulima wa Kihutu kwa mamia ya maelfu kwenye kambi, mbali na mashamba yao, eti kuwatenga na waasi. Kanda ikaongeza madai: kambi zivunjwe, na Ntibantunganya pamoja na Spika wa Bunge wawe huru kwenda watakako. Kila dai lilikuwa la haki. Ningekuwa kwenye kikao kile ningenyoosha mkono kuliunga mkono.

Lakini tazama alichokiona mtu wa Bujumbura. Alitoa mawili, hakupewa hata nusu. Kisha akasikia madai mengine. Kwa wenye msimamo mkali jeshini, waliokuwa wakimwambia Buyoya tangu mwanzo kwamba majirani wanataka kumng'oa tu, ule ulikuwa ushahidi waliouhitaji. Na kwa wale walioanza kutajirika kwa petroli, kila mwezi ulioongezeka ulikuwa faida. Kundi pekee lililopungua nguvu ni lile lililomshauri mkuu wake akubaliane.

Dai la tatu, la mazungumzo, lilikuwa limeanza kutimia kimyakimya: serikali ya Buyoya ilikuwa ikizungumza kwa siri na waasi wa CNDD mjini Roma, chini ya jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio, na Machi 1997 walitia saini makubaliano ya ajenda. Habari ilipojulikana, Bujumbura ilichafuka, maana hata wananchi waliochukia vikwazo walijiona wamesalitiwa. Agosti 1997 mazungumzo yaliyopangwa Arusha yakakwama kwa sababu serikali ilisusa, ikidai Tanzania haiwezi kuwa mwamuzi na mbanaji kwa wakati mmoja.

Hoja hiyo ya Buyoya nilikuwa naipuuza kama kisingizio. Sasa naona ilikuwa na mashiko. Aliyeshika ufunguo wa bandari ndiye pia aliyeshika kengele ya mkutano. Msuluhishi akiwa ndiye mwadhibu, kila neno lake la kushawishi husikika kama tishio, na kila hatua ya kulegeza huonekana kama kushindwa kwake mwenyewe. Kazi zile mbili zilihitaji watu wawili.

Aprili 1997 ndipo viongozi walipolegeza kidogo: vyakula, dawa, vifaa vya shule, vya ujenzi na pembejeo za kilimo vikaruhusiwa. Miezi 8 na ushei ilikuwa imepita. Chumvi ya Uvinza ikarudi kupita mchana, na baba mdogo akabaki na petroli. Vikwazo vyenyewe vilisimamishwa Arusha tarehe 23 Januari 1999, wakati vilikuwa vimeshatoboka kila upande.

Na hata hivyo, Mkataba wa Arusha ulipatikana. Mazungumzo ya pande zote yalianza Juni 1998. Mwalimu alifariki tarehe 14 Oktoba 1999, Nelson Mandela akaipokea kazi, na tarehe 28 Agosti 2000 mkataba ukatiwa saini, ingawa baadhi ya pande 19 zilisaini wiki chache baadaye. Novemba 2001 Buyoya akaanza kuongoza nusu ya kwanza ya kipindi cha mpito cha miezi 36. Tarehe 30 Aprili 2003 akakabidhi kwa Domitien Ndayizeye kama ilivyoandikwa. Mtu akiniambia kwamba bila kubanwa asingefika mezani, sitabishana naye. Nitamuuliza tu kama alihitaji kubanwa miezi 30, na kama mlango ungefunguliwa kidogo ile Septemba 1996, kambi zile zingejengwa na watu wale wale kwa kiburi kile kile.

Sina jibu la uhakika kwa swali hilo. Ninachokishikilia ni hiki: nguvu ya kikwazo iko katika siku ya kukiondoa. Anayebanwa akiamini kwamba akitimiza atafunguliwa, ana sababu ya kutimiza. Akiamini kwamba atabanwa hata akitimiza, atajifunza kuishi kwenye mbano, na atahakikisha wa kwanza kukosa hewa si yeye.

Kisha ukaja mwaka 2015, na nikayaona tena, safari hii nikiwa mtu mzima.

Tarehe 25 Aprili chama tawala kilimteua Rais Pierre Nkurunziza kugombea muhula wa tatu, wakati Mkataba wa Arusha unasema mihula miwili. Watu wakaingia barabarani, wakapigwa risasi. Tarehe 13 Mei, Nkurunziza akiwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa marais uliohusu nchi yake, Jenerali Godefroid Niyombare akatangaza mapinduzi yaliyoshindwa ndani ya siku mbili. Wakimbizi walimiminika Kagunga, kijiji chetu kidogo kilichobanwa kati ya mlima na maji, wakawa maelfu kwa maelfu ufukweni, kipindupindu kikaingia. MV Liemba, meli iliyoundwa enzi za Mjerumani, ikawa inawasomba kuwaleta Kigoma. Shangazi alikuwemo. Alishuka bandarini na begi moja, na kitu cha kwanza alichouliza ni kama mdogo wake bado ana boti.

Safari hii waliobana walikuwa wa mbali. Umoja wa Ulaya uliwawekea vikwazo watu 4 mwezi Oktoba 2015, Marekani ikafuata Novemba, na Machi 2016 Ulaya ikasimamisha msaada wake wa moja kwa moja kwa serikali, sehemu ya mpango wa takriban euro milioni 430. Nilishangilia. Niliamini tumejifunza: safari hii mama wa Nyanza-Lac hatapimiwa chumvi kwa kijiko, atakayeumia ni jenerali anayenyimwa viza.

Fedha za kigeni zikaadimika, petroli nayo. Serikali haikukosa njia. Desemba 2017 ilitangaza kwamba uchaguzi wa 2020 utalipiwa na wananchi wenyewe: kila kaya faranga 2,000 kwa mwaka, mwanafunzi aliyefikia umri wa kupiga kura 1,000. Walioikusanya michango ile vijijini mara nyingi walikuwa vijana wa chama, Imbonerakure, na asiye na risiti alipata tabu kupita. Fikiria maana yake. Mfadhili alijitoa ili asiulipie utawala wa mabavu, na utawala ukautumia upungufu ule kuingia kila nyumba na daftari. Mwaka 2017 Burundi ikajitoa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Mei 2018 katiba ikabadilishwa kwa kura ya maoni na muhula ukawa miaka 7. Mwanzoni mwa 2019 ikulu mpya iliyojengwa kwa msaada wa China ikakabidhiwa.

Majirani nao hawakuwa pamoja na wabanaji. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilimpa Yoweri Museveni usuluhishi na Benjamin Mkapa uwezeshaji, na mzee Mkapa alihangaika nao Arusha kwa miaka mitatu huku serikali ikichagua wa kukaa naye na wa kumkataa. Mkapa alikuwa na meza lakini hakuwa na ufunguo wowote mkononi. Brussels, makao ya Umoja wa Ulaya, ilikuwa na ufunguo lakini meza haikuwa kwake. Mwaka 1996 ufunguo na meza vilishikwa na mkono mmoja, mwaka 2016 vikatenganishwa na bahari. Sidhani kama kati ya hizo mbili tuliwahi kuijaribu njia ya kati kwa dhati, yaani majirani na wafadhili kuandika pamoja orodha moja na kuivumilia.

Kuna tukio moja dogo linalonionyesha ingewezekana. Burundi ilikuwa na wanajeshi zaidi ya 5,000 Somalia chini ya Umoja wa Afrika, na fedha zao zilitoka Ulaya. Ulaya haikutaka zipite hazina ya serikali. Bujumbura ikatishia kuwaondoa. Wakazozana mwaka mzima, kisha mwanzoni mwa 2017 wakakubaliana zipite benki ya biashara. Serikali ile ile iliyosemekana haiambiliki iliambilika pale ambapo dai lilikuwa moja, lina kipimo, na likitimizwa fedha zinatoka.

Mazungumzo na dikteta si zawadi kwake, ingawa naelewa kwa nini aliyefiwa anaona hivyo. Nimekaa na vijana waliokimbia mwaka 2015 ambao kila picha ya balozi akipeana mkono na waziri wa Bujumbura iliwakata maini. Siwezi kuwaambia wamekosea. Ninachowaambia ni kwamba balozi aliyebaki ndiye aliyeweza kuuliza aliko mwandishi aliyepotea, na aliyeondoka hakuuliza tena.

Nkurunziza alifariki Juni 2020, Évariste Ndayishimiye akaapishwa mwezi huo huo. Novemba 2021 Marekani ikaondoa vikwazo vyake, Februari 2022 Ulaya ikarudisha msaada. Mengi yaliyodaiwa mwaka 2016 hayakuwa yametimia. Mlango ulifunguliwa kwa sababu mtu alikufa, na kifo hakikuwa sharti la mezani. Kama kigezo cha mwisho kilikuwa hicho, basi miaka ile 6 hakuna aliyekuwa amepewa njia ya kuufungua kwa matendo yake.

Ningependa orodha itakayofuata, ya nchi yoyote, iwe na safu mbili. Kushoto, kinachodaiwa. Kulia, mkabala na kila dai, kitakachofunguliwa likitimizwa, na ndani ya siku ngapi. Dai likiongezwa, kitu kiongezwe na upande wa kulia. Chakula, dawa na chumvi visiwemo tangu siku ya kwanza, si mpaka vikwazo viingie mwezi wake wa tisa. Na anayeshika ufunguo asiwe yule yule anayeita kikao, ila wawili hao wawe wanapigiana simu.

Ulaya ilipotangaza kuondoa vikwazo nilimpigia shangazi, aliyekuwa amesharudi Nyanza-Lac. Nilimpa habari kwa furaha. Akauliza, "Basi petroli itakuja lini?" Nikamwambia labda baada ya miezi michache. Haikuja. Miaka iliyofuata foleni za mafuta Burundi zilirefuka kuliko za wakati wa vikwazo. Tulipoongea tena alinieleza kwamba watu wanalala kwenye magari wakisubiri, na kwamba kuna kitu kimebadilika kwenye maongezi ya foleni.

"Zamani wakisema ni wazungu, au ni Tanzania, tulinyamaza," akasema. "Sasa mtu akisema hivyo, wenzake wanamtazama."